Bangili Namba Kumi na Saba

Twahir Bahizi ni fundi wa mitambo katika hospitali moja ya Gisenyi, na kwa miaka sita kazi yake imekuwa kuhakikisha kwamba vitu vinasemezana. Jokofu la damu likiachwa mlango wazi zaidi ya dakika mbili, linamtumia ujumbe. Mitungi ya oksijeni ina geji zinazopeleka kipimo kwenye kompyuta kabla muuguzi yeyote hajagundua kwamba hewa inapungua. Wagonjwa mahututi wanabanwa klipu ndogo kidoleni, na mapigo ya mioyo yao yanatokea kwenye skrini kubwa iliyotundikwa mbele ya meza ya wauguzi. Twahir anavijua vifaa hivyo kwa tabia, kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Kuna klipu moja isiyopenda vidole baridi. Kuna geji inayodanganya kila umeme ukikatika na kurudi.

Ni mtoto wa mjini hapa. Baba yake aliendesha malori ya mizigo, mama yake aliuza maandazi karibu na msikiti, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kilichosemwa mezani, Kinyarwanda mlangoni kwa majirani. Alianza kwa kufungua redio za watu bila ruhusa na kuzifunga tena zikiwa nzima. Akasomea ufundi wa vifaa vya hospitali Kigali, akarudi, akaoa.

Mke wake aliitwa Saidati. Alikuwa mshonaji, mwembamba, mcheshi, na moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, kwa sababu ya homa ya koo ambayo haikutibiwa mapema ikala mlango mmoja wa moyo. Walilijua jambo hilo tangu kabla ya harusi. Aliishi nalo kama mtu anavyoishi na ngazi mbovu: unajua ni wapi pa kukanyaga. Walipata mtoto mmoja wa kike, Isimbi, na daktari akawaambia basi, msiongeze.

Miaka miwili iliyopita hospitali ilipokea bangili ishirini za kufuatilia wagonjwa wa moyo wakiwa majumbani. Bangili inavaliwa mkononi, inahesabu mapigo na kupima oksijeni, na kisanduku kidogo chenye laini ya simu kinachochomekwa ukutani kinazipeleka namba hospitalini. Daktari Ingabire, daktari wa moyo, ndiye aliyechagua wagonjwa. Saidati alipewa namba kumi na saba. Twahir mwenyewe alimfunga mkononi, nyumbani kwao Nengo, Saidati akicheka.

"Sasa utajua kila saa niko nafanya nini," alisema.

"Nitajua tu kama moyo iko inapiga."

"Bon. Hiyo inatosha."

Saidati alikuwa na shangazi Goma na mara mbili kwa mwezi alivuka barrière ndogo, lango la mpakani la waendao kwa miguu, kumwona na kuchukua vitenge vya kushona. Bangili ikiwa mbali na kisanduku haikuweza kutuma chochote, kwa hiyo siku hizo mstari wake kwenye skrini ulinyamaza kuanzia asubuhi. Jioni, alipoingia nyumbani na kuweka kapu chini, namba za siku nzima zilimiminika kwa mpigo. Twahir, akiwa bado kazini, alizitazama. Hapa alipanda mlima. Hapa aliketi, labda alikunywa chai. Hapa alibishana na mtu.

Alikufa mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, saa tano na dakika saba asubuhi.

Siku hiyo kila kitu kilifanya kazi. Hilo ndilo jambo ambalo Twahir alilirudia baadaye kichwani, bila uchungu, kama mtu anayesoma ripoti. Moyo wa Saidati ulivuruga mpigo. Sekunde nne baadaye kengele ikalia kwenye skrini na kwenye simu ya Verediane, muuguzi mkuu, na kwenye simu ya Twahir aliyekuwa wodi ya wazazi akitengeneza geji. Gari la wagonjwa lilifika Nengo baada ya dakika kumi na moja. Betri ilikuwa imejaa. Mtandao ulikuwa mzuri. Walishughulika naye sebuleni kwa dakika arobaini, Daktari Ingabire akiwa kwenye simu, kisha wakaacha.

Kaltumu, mama yake Saidati, alifika kutoka Mahoko akiwa amevaa kandambili zisizofanana. Yeye na wanawake wawili wa msikitini ndio waliomwosha. Yeye ndiye aliyemvua bangili. Saidati alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Isimbi aliporudi kutoka shuleni alikuta ua umejaa watu na hakuna aliyekuwa amefikiria nani angemwambia.

Watu walisema Twahir ni mwanamume imara. Aliwapokea waliokuja kuhani, akawaambia kaeni, akawamiminia chai. Walipomwambia "ihangane," yaani vumilia, aliitikia kwa kichwa. Baada ya siku saba alipiga pasi shati lake la kazi akarudi hospitali. Alifungua rekodi ya dakika ishirini za mwisho na kuipitia mara tatu akitafuta hitilafu. Hakuipata. Kama angepata waya uliolegea, au mtu aliyelala zamu, angekuwa na mahali pa kwenda na jambo hilo. Alifunga faili akaenda kubadilisha betri za klipu.

Isimbi alikuwa na miaka tisa. Kaltumu alimchukua Mahoko, akahamishiwa shule ya huko, kwa sababu baba yake hakujua kumsuka nywele wala hakukumbuka kupika. Kila Jumapili Twahir alikwenda. Aliketi sebuleni kwa mkwewe, akala alichopewa, akamwuliza mtoto kuhusu shule, na mtoto alipojibu yeye alikuwa tayari anatazama ukuta. Hakuwa na huzuni ya kuonekana. Hakuwa na kitu. Mguu ukilaliwa muda mrefu unafika mahali hausikii hata sindano, nawe unaukanyagia tu kwa kuwa unajua upo. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima, mwezi baada ya mwezi.

Jina la Saidati lilibaki kwenye skrini, kengele yake ikiwa imezimwa. Kwa utaratibu wa mfumo ule, faili ya mgonjwa wa nyumbani haifungwi mpaka kifaa chake kirudishwe, na bangili namba kumi na saba haikurudishwa. Kila asubuhi Twahir alipofungua orodha, mstari wa kumi na saba ulionyesha jina lake na neno moja, kwa Kifaransa, lenye maana ya kwamba haijavaliwa. Verediane alikuwa akiliona pia. Ni mwanamke mzito, mpole, aliyekulia Goma, na hakuligusia. Ikawa hivyo hadi mwezi wa sita, pale Valentin wa utawala alipoanza kuhesabu vifaa.

"Twahir," Valentin alisema akiwa na karatasi yake, "ziko bangili kumi na tisa. Moja iko wapi?"

"Nitaitafuta."

"Unajua iko wapi?"

"Nitaitafuta," Twahir alisema tena, na Verediane akamshika Valentin begani akampeleka kuangalia viti vya magurudumu.

Ukweli ni kwamba Twahir hakujua. Hakuwahi kuuliza. Alidhani labda ilipotea katika shughuli za siku ile, au ilizikwa, na fikra hiyo nayo ilipita kama nyingine.

Jumanne iliyofuata, saa mbili na nusu asubuhi, alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya wauguzi akivuta waya, aliposikia Verediane ananyamaza katikati ya sentensi. Kisha akamwita kwa sauti ya chini.

"Twahir. Kuja uone."

Alitoka chini ya meza. Kwenye mstari wa kumi na saba, mbele ya jina la Saidati, palikuwa na namba. Arobaini na mbili. Namba ikabadilika: arobaini. Ikakaa hapo kidogo, kisha ikaruka: mia moja thelathini na moja.

"Iko mutu anavaa ile bangili," Verediane alisema. "Mana yanjye, Mungu wangu, Twahir. Ni nani?"

Alisoma namba zile kama fundi. Bangili iliyowekwa juu ya meza haitoi mapigo. Bangili iliyolegea hutoa namba za kijinga, mia mbili na kitu, kisha sifuri. Hizi hazikuwa za kijinga. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno, unasimama, kisha unakimbia. Alibonyeza kuona kisanduku kinatuma kutoka mnara gani. Mahoko.

Kule Mahoko, katika nyumba moja, walikuwepo watu wawili tu.

"Mutoto," alisema Verediane, ambaye alikuwa amewaza jambo hilo hilo. "Labda anacheza nayo. Mutoto akikimbia, moyo inaenda mia na thelathini."

"Na arobaini?"

Wote wawili walijua kwamba moyo wa mtoto wa miaka tisa aliye mzima haushuki hadi arobaini akiwa macho, na wote wawili walizikumbuka namba za mwisho za mama yake. Twahir alimpigia simu Kaltumu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alisimama pale akisubiri woga uje, kama mtu anayesubiri maji yafike bombani, na haukuja. Mikono yake ilikuwa mikavu. Jambo hilo, la kuwaza kwamba mwanawe anaweza kuwa anakufa na mikono yake ni mikavu, lilimshangaza kidogo, kwa mbali.

"Nenda," Verediane alisema. "Chukua klipu ya kupimia. Nitaweka ambulance tayari, ukipiga simu inatoka. Nenda, we!"

Alichukua pikipiki ya kukodi. Barabara inapanda kutoka mjini, inapinda katikati ya mashamba ya Kanama, migomba na viazi, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye mabonde. Alimwambia dereva aongeze mwendo. Kila walipopata mtandao mzuri alitazama simu. Thelathini na nane. Mia na ishirini na tano. Arobaini na moja. Alitambua kwamba alikuwa akizisoma kwa mdomo, kwa sauti, na dereva alikuwa akiitikia "ndiyo" kila mara akidhani anaelekezwa njia.

Kaltumu alikuwa uani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, maharage makavu yametandazwa mbele yake na fimbo ya kuyapuria imelala kando. Alikuwa peke yake. Mkononi, chini ya mkono wa kanzu uliokunjwa, bangili ilikuwa inawaka taa yake ya kijani.

"Isimbi iko wapi?" Twahir aliuliza.

"Iko kwa masomo. Ni Jumanne."

Alisimama akipumua. Kisha akasema, "Mama, umevaa ile bangili."

"Nimeivaa." Uso wa Kaltumu ulikuwa wa rangi ya majivu, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa makali. "Umetumia muda gani kufika?"

"Sijui. Dakika arobaini."

"Bon. Mashine inasikia kuliko wewe."

Twahir alipiga magoti kwenye mkeka, akamchukua mkono na kumbana klipu kidoleni. Thelathini na tisa. Kaltumu alimwacha afanye.

"Mi nilikuambia kwa simu," alisema. "Ile Jumatano nilianguka mu soko, mbele ya watu, nikakupigia. Nikasema, Papa Isimbi, kichwa inazunguka, nimeanguka. Unajua ulinijibu nini?"

Twahir alijaribu kukumbuka. Aliikumbuka simu yenyewe. Alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Ulisema, 'Sawa, Mama.' Juma ingine nikapiga tena, nikasema nimeanguka mu shamba. 'Sawa, Mama.' Mara ya tatu nikasema, Papa Isimbi, kuku yangu imekufa na mimi pia nimekufa. Ukasema, 'Sawa, Mama, asante.'" Alivuta pumzi, akapumzika kidogo. "Mutu iko mu simu lakini hayuko. Sasa ningefanya nini? Saidati aliniambia zamani, kila asubuhi unaangalia ile televisheni ya namba. Nikasema basi, nitaingia mu televisheni."

Twahir alitazama klipu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yake.

"Ulikuwa nayo siku zote," alisema hatimaye.

"Niliitoa kwa mukono yake mi mwenyewe. Nikaweka pamoja na kile kisanduku mu nguo za mutoto." Kaltumu aliiangalia bangili. "Sikuiba. Nilitaka kukaa na kitu iliyomgusa mwisho. Halafu nikaogopa kuiwasha. Jana nilianguka hapa, Isimbi ndiye aliniinua. Mutoto wa miaka tisa. Usiku nikachaji bangili, asubuhi akienda masomo nikachomeka kile kisanduku."

Twahir alimpigia Verediane, akasema ni mama mkwe, akazitaja namba, akasema njooni. Sauti yake ilitoka sawasawa. Alipokata simu alimwambia Kaltumu asiinuke.

"Siendi," Kaltumu alisema.

"Mama."

"Siendi kabla ya kumuona Isimbi. Akirudi asikute mutu wake ameshaenda. Mara moja ilitosha."

Hilo lilimpata Twahir mahali fulani, ingawa hakujua ni wapi. Alikumbuka ua uliojaa watu, na mtoto amesimama langoni na mkoba mgongoni. Alikuwa amemwona. Alikuwa anamimina chai, akamwona, akaendelea kumimina.

"Mi nitaenda kumchukua," alisema. "Ataenda na sisi mu ambulance. Utamuona."

Jirani aliitwa kukaa na Kaltumu dakika chache, na Twahir akashuka kwa miguu hadi shuleni, ambako hakuwahi kufika hata siku moja tangu mtoto ahamie. Ilimbidi kuuliza ni darasa gani. Mwalimu alimtoa Isimbi nje, kwenye kibaraza. Alikuwa amerefuka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri, na alimtazama baba yake kama mtu anavyomtazama askari aliyekuja nyumbani.

"Bibi ameanguka?" aliuliza kabla hajaambiwa.

"Hapana. Ameketi. Lakini ni mgonjwa, moyo wake. Ambulance inakuja, na wewe unakuja pamoja na sisi."

"Atakufa?"

Mwalimu alishtuka akataka kusema kitu cha kufariji. Twahir alimtangulia.

"Sijui," alisema. "Nilitazama namba. Ni mbaya, lakini iko dawa ya hiyo. Ya Mama haikuwa na dawa. Ni kitu tofauti."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia mtoto huyo kwa miezi minane. Isimbi aliyafikiria, kisha akarudi darasani kuchukua mkoba wake.

Ndani ya gari la wagonjwa Kaltumu alilala na Isimbi akaketi karibu na kichwa chake, akimwambia muuguzi kila kitu bila kuulizwa: siku zipi bibi alianguka, saa ngapi, upande gani, alikula nini. Alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hesabu. Muuguzi alimwomba daftari akalisoma kwa makini njia nzima. Twahir alitazama mbele.

Daktari Ingabire aliwapokea. Alimpima Kaltumu, akamuunganisha na mashine, akakaa muda mrefu akitazama mstari unavyochora. Baadaye alimwita Twahir.

"Wewe ni fundi, nitakueleza kifundi," alisema. "Moyo wa huyu mama ni mzima, misuli ni mizuri. Ni umeme wake ndio mbaya. Mahali panapoanzisha mpigo pamechoka. Panazimika, moyo unasimama, anaanguka. Halafu panashtuka, moyo unakimbia. Anahitaji kifaa kidogo cha betri, kinawekwa hapa chini ya bega, kinaushtua moyo ukichelewa. Wanafanya Kigali."

"Ni hitilafu ya kuwasha," Twahir alisema.

"Ndiyo. Ni hitilafu ya kuwasha."

Aliitikia kwa kichwa. Hatimaye alikuwa amepewa kitu chenye hitilafu. Alitegemea kwamba hilo lingemletea nafuu, akangoja, halikuleta. Lakini alirudi wodini akakaa kwenye kiti karibu na kitanda na hakutazama ukuta.

Kesho yake Kaltumu alipelekwa Kigali. Twahir aliomba ruhusa akaenda naye, Isimbi pia, kwa sababu alikataa kubaki. Walikaa kwa binamu wa Verediane. Siku ya upasuaji baba na binti waliketi kwenye benchi la korido kuanzia asubuhi, Isimbi akifanya hesabu zake. Alimwuliza baba yake ishirini na saba mara sita ni ngapi. Alimjibu. Akamwuliza kama Mama aliumia. Alimjibu pia, baada ya muda, kwamba kwa jinsi namba zilivyokuwa ilikuwa haraka mno kuumia, na kwamba alizisoma mara tatu kuhakikisha. Isimbi aliandika jibu la ishirini na saba mara sita.

Kaltumu alitolewa chumba cha upasuaji mchana, akiwa macho, akilalamika kwamba walimfunika kitambaa usoni kama maiti.

Waliporudi Gisenyi, Daktari Ingabire aliagiza afuatiliwe nyumbani kwa miezi mitatu. Verediane alitoa kabatini bangili namba nne, mpya kabisa. Kaltumu aliikataa.

"Iko na shida gani hii niliyo nayo?"

"Mama, mfumo inajua hiyo ni ya mgonjwa mwingine," Verediane alimweleza taratibu. "Lazima ile faili ifungwe kwanza."

Kaltumu alimtazama mkwewe. "Basi ifungwe," alisema.

Twahir aliketi mbele ya kompyuta. Alifungua mstari wa kumi na saba. Mfumo ulimwuliza sababu ya kufunga na kumpa tatu za kuchagua: amepona, amehama, amefariki. Alibonyeza ya tatu. Ukamwuliza kama ana uhakika. Palikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana, vyenye ukubwa uleule. Verediane alisimama nyuma yake. Nje, mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia.

Alibonyeza ndiyo. Mstari ukatoweka, na yote iliyokuwa chini yake ikapanda hatua moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga mlango. Twahir alingoja aone kama kuna kitu kitatokea ndani yake. Alihisi njaa. Hakuwa amekula tangu jana yake. Akaandika jina la Kaltumu, umri wake, na alipofika kwenye mahali pa simu ya ndugu wa karibu, aliandika namba yake mwenyewe, kisha akairudia kuihakiki tarakimu moja moja.

Daktari hakutaka Kaltumu akae mbali na hospitali, kwa hiyo maharage yalifungwa magunia mawili, na bibi na mjukuu wakahamia Nengo. Mambo hayakuwa mepesi. Kaltumu aliona sufuria zote zimekaa vibaya akazipanga upya. Alimwambia Twahir kwamba nyumba inanuka kama chumba cha kuhifadhia waya. Isimbi alirudi kwenye shule yake ya zamani, na majuma ya kwanza alikuwa akisimama langoni kidogo kabla ya kuingia, akisikiliza kama ndani kuna sauti za watu wengi. Twahir aliligundua hilo. Siku anazotoka kazini mapema, huenda kumngoja barabarani ili waingie pamoja.

Wakimwuliza hospitalini kama sasa ana nafuu, anasema ndiyo, kwa sababu ndilo jibu rahisi. Kwa kweli hajui. Siku nyingi bado zinapita juu yake kama maji juu ya jiwe. Bado hajalia, na amekwisha kuacha kungoja.

Juma lililopita, wakati wa chakula cha jioni, Isimbi alikuwa anasimulia habari ndefu ya mbuzi aliyeingia darasani kwao somo la Kifaransa likiendelea. Mbuzi alikula kona ya ramani. Mwalimu alimfukuza kwa rula, mbuzi akapita chini ya madawati, mvulana mmoja akapanda juu ya meza akipiga kelele kuliko mbuzi. Kaltumu alicheka mpaka akashika bega lake lenye kifaa. Habari iliendelea, ikazunguka, ikaingia mambo mengine yasiyohusika, nani anakaa na nani, nani amenyang'anywa kalamu. Twahir alikuwa ameacha kutafuna.

"Na huyo mbuzi," aliuliza, "mwisho alitokea wapi?"

Isimbi alimtazama kidogo kuona kama anauliza kweli. Kisha akavuta kiti chake karibu na meza.

"Kwa dirisha," alisema. "Lakini ngoja, Papa, kwanza nikuambie ya ramani."